Kaka anataka injini ya mzee ing'olewe, mimi nataka niifunge turbo

Shikamoo fundi,

Naandika nikiwa nimechoka kubishana, maana hii kesi ina miezi minne sasa na kila nikikaa na kaka yangu inaanza upya kama vile hatujawahi kuiongelea. Marehemu mzee wetu alituachia Datsun 240Z ya 1972, ina injini yake ileile ya L24, silinda sita mstari mmoja, kabureta mbili, gia nne. Mzee alikuwa anaipenda hiyo gari fundi, kwenye kiboksi cha dashibodi kuna daftari lake kaandika kila kitu, siku aliyobadilisha plagi, siku aliyorekebisha tappeti, kaongeza oili kiasi gani, yote kwa mkono wake.

Gari inatembea ila imechoka. Ukiikanyaga kwenye mlima inaenda taratibu na asubuhi ikiwaka inatoa moshi wa bluu kidogo halafu unaacha. Sasa kaka anasema hakuna cha kujadili, injini imezeeka ing'olewe, tuweke 2JZ ya turbo, injini ya Toyota ambayo rafiki yake anayo stoo pamoja na gia boksi lake. Anasema ile imetoka kiwandani na farasi zaidi ya 270 na hata ukiongeza mara mbili haitikisiki, kwa nini tuhangaike na chuma cha miaka hamsini. Mimi nataka hii hii L24 ibaki mahali ilipo niiwekee turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ikasukuma hewa ya ziada kwenye injini. Nimeshapata manifoldi (bomba la kukusanya moshi wa silinda) na turbo iliyotoka kwenye 280ZX Turbo, imetumika lakini shafti yake haichezi, nimeishika kwa kidole mwenyewe.

Nikaenda gereji moja kuulizia, jamaa akaiangalia kama dakika tano akaniambia funga tu, piga presha ya hewa psi 15, hizi injini za zamani ni chuma tupu hazifi. Kwakweli hiyo kauli ilinitia wasiwasi kuliko kunipa moyo. Nikarudi nikapima kompresheni mwenyewe, yaani presha ya kila silinda, injini ikiwa ya moto, plagi zote sita nje, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini. Nikapata psi 162, 165, 160, 163, 118, 158. Hiyo ya tano ndo imenivunja nguvu. Nikaweka oili kijiko kimoja kwenye hilo tundu nikapima tena ikapanda mpaka 150. Kaka alivyoona namba akasema si nilikwambia, imekufa hiyo.

Sitaki gari ya mashindano fundi. Nataka niwe naenda nayo safari, nipite malori bila kuomba, na siku moja moja niifungulie. Farasi 200 zinanitosha kabisa. Sasa niambie ukweli hata kama utaniuma, kaka yuko sahihi au mimi? Na kama ni turbo, naanzia wapi maana kila mtu ana lake.

Mdogo wako, mtu wa Z

*

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu kwa ajili ya hizo namba sita, kwa hiyo tuanze na hizo kabla hatujamgusa kaka.

Injini yako haijafa. Silinda tano ziko ndani ya tofauti ya 7 tu kati ya ya juu na ya chini, kwa injini ya umri huo hiyo ni afya nzuri, mzee aliitunza kweli. Ya tano peke yake ndo mgonjwa, na wewe mwenyewe umeshaipima ugonjwa bila kujua. Oili uliyomimina ilikaa juu ya pistoni ikaziba pale ringi zinapovujisha, ndo maana presha ikapanda toka 118 mpaka 150. Ingekuwa valvu haikai vizuri au gasketi ya hedi imeungua, oili isingesaidia kitu, namba ingebaki palepale. Na gasketi ikiungua mara nyingi utakuta silinda mbili zilizokaa jirani zimeshuka pamoja. Kwako ni moja. Kwa hiyo ni ringi za pistoni ya tano, zimekwisha au zimekatika au zimegandia kwenye mifereji yake, na huo moshi wa bluu wa asubuhi huenda una mkono wa ringi hizohizo. Chukua lile daftari uangalie mzee alianza lini kuongeza oili mara kwa mara, itakwambia tatizo lina umri gani.

Sasa hapo ndipo kaka yako yuko sahihi nusu. Injini hii jinsi ilivyo leo haifungwi turbo, iwe psi 15 iwe psi 3. Hewa ya turbo itapita kwenye ringi zilizokufa iingie kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, isukume oili itoke kwenye sili na kila tundu la kupumulia, na hiyo pistoni itaungua ya kwanza. Huyo aliyekuambia funga tu achana naye kabisa, mtu anayetaja psi kabla hajapima kompresheni hajali injini yako.

Ila angalia upande wa pili. Hata ungetaka kuiacha bila turbo hii injini lazima ifunguliwe, pistoni zitoke. Na kitu ambacho kila mtu anayetaka turbo kwenye injini ya kabureta anatakiwa kufanya, na wengi wanakikwepa kwa sababu ni kazi, ni kubadilisha pistoni zishushe kompresheni. Hapa kompresheni sio ile presha uliyopima, ni kiasi pistoni inavyobana hewa, na L24 ya mwaka wako ina karibu 9 kwa 1. Nissan wenyewe, wenye jina la Datsun, walipoifunga turbo L28, ndugu mkubwa wa L24, ile ya 280ZX Turbo ya 1981 mpaka 1983 ambayo wewe umepata manifoldi yake, waliishusha mpaka 7.4 kwa 1. Wewe ukiweka pistoni za kufuliwa kama kwa mhunzi zenye 8 kwa 1 hivi unakaa pazuri, haitakuwa nzito kabla busti, yaani presha ya turbo, haijaanza na haitagonga ikishaanza. Kwa hiyo ile 118 inayotumika kukufungia mlango ndiyo inayokulazimisha kufanya kazi ambayo ungetakiwa kuifanya hata hivyo. Mwonyeshe kaka hiyo.

Na usiruhusu mtu akwambie familia hii ya injini haistahili turbo. Krenki yake imekaa kwenye beringi kuu 7, yaani kila konrodi ina beringi upande huu na upande huu, bloku ni chuma cha kusubu, sita mstari mmoja haina mtikisiko wa kupasua vitu. L28ET, yaani hiyo L28 ya turbo, ilitoka kiwandani na farasi 180 bila hata intakula ya kupoza hewa, na watu wamezitembeza miaka mingi. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko gari yako, mwaka 1962 Chevrolet waliuza Corvair Monza Spyder yenye silinda sita na turbo, kabureta moja tu, ikawa inatoa farasi 150.

Kinachoua injini ya turbo sio presha kama presha. Ni joto, na petroli chache. Nataka ulielewe hili vizuri maana ukilielewa maamuzi mengine yote yanajipanga yenyewe. Hewa ya kawaida inayotuzunguka ina presha ya psi 14.7. Ukiongeza psi 7 juu yake umefikisha karibu mara moja na nusu ya presha ya kawaida, hewa nyingi zaidi inaingia, na hapo ndo nguvu inapatikana. Lakini kuibana hewa ni kuipasha, hewa ya nyuzi 25 ikipita kwenye turbo ya kawaida kwa hizo psi 7 inatoka ikiwa na nyuzi 75 mpaka 80. Hiyo hewa ya moto inaingia kwenye silinda inabanwa tena na pistoni, na ukizidisha, petroli iliyobaki pembeni inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Huo mlipuko ndo unaosikia kama kokoto ndogo zinatikiswa ndani ya kopo. Ukiusikia hata mara moja toa mguu, usisubiri uusikie vizuri.

Nasema hivi kwa sababu mimi niliusubiri. Miaka ya mwanzo nilifunga turbo kwenye injini ya sita ya mteja, niliacha kabureta na taiming kama zilivyokuwa, gari ikawa inavuta vizuri sana tukafurahi. Kwenye mlima mrefu nikasikia zile kokoto, nikasema ni kitu kinagusa chini ya bodi. Tulipofungua hedi pistoni ya sita ilikuwa imeyeyuka ukingoni upande wa ekzosi, kama mshumaa uliopigwa na upepo, na ringi ya juu imeshikana na aluminiamu yake. Ile pistoni niliiweka kwenye benchi yangu na bado ipo. Mwenye gari aliniamini na mimi nilimharibia injini, toka hapo sijawahi kufunga turbo bila geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli.

Kwa hiyo twende kwenye petroli, hapa ndo sehemu ya kutumia pesa na akili nyingi. Zile kabureta mbili za mzee ni nzuri mno kwa injini inayovuta hewa yenyewe. Ukizisukumia hewa ya psi 7 toka kwenye turbo inabidi petroli iingie kwenye kikombe cha kabureta ambacho nacho kina psi 7 ndani yake, na pampu ya zamani ya kuendeshwa na injini inatoa kama psi 4 hivi. Petroli haiwezi kupanda. Yaani pale unapoikanyaga zaidi ndo inakufa njaa zaidi. Kuna watu wanaweza, wanaweka pampu ya umeme na regyuleta inayopandisha presha ya petroli sambamba na busti, wanaziba kila tundu la shafti, wanabadilisha maboya yasibonyee. Inawezekana na nimeona zinatembea, ila kwa gari ya safari sikushauri. Weka nozeli sita za kupulizia petroli, intake manifoldi ya injeksheni ya familia hiyohiyo ya L inaingia, pampu ya umeme yenye nguvu, na kontrol boksi ya kuprogramiwa ambayo inaongoza petroli na moto kwa pamoja. Kabureta za mzee zisafishe, zipake oili, zifunge kwenye boksi kavu uandike tarehe. Usiziuze.

Faida ya kontrol boksi sio petroli peke yake. Distribyuta yako inajua spidi ya injini na vakyumu, haijui kuna busti. Injini ikianza kusukumwa inahitaji cheche ije nyuma kidogo, mafundi wengi wanaanzia nyuzi 1 ya taiming kwa kila psi 1 ya busti halafu wanarekebisha kutokana na injini inavyosema. Kontrol boksi inalifanya hilo yenyewe mara elfu kwa safari moja. Mchanganyiko ukiwa kwenye busti nzima uwe kati ya hewa 11.5 na 12 kwa petroli 1, sio 14.7 ya kutembelea polepole, ile petroli ya ziada inapoza pistoni. Na ili ujue hiyo namba lazima uwe na geji yake na sensa yake kwenye bomba la ekzosi, baada ya turbo. Ukikosa pesa ya geji basi bado hujawa na pesa ya turbo, samahani lakini ndo hivyo.

Intakula weka, hata ndogo ya mbele ya rejeta. Nissan hawakuiweka kwenye L28ET lakini wewe una kompresheni ya juu kuliko yao, kwako inahitajika zaidi. Halafu kuna jambo la hii familia ya L ambalo mtu wa 2JZ hawezi kukwambia, hedi yake inaingizia hewa na kutolea moshi upande mmoja. Maana yake turbo jekundu la moto linakaa chini kabisa ya intake yako na mabomba ya petroli. Weka bati la kukinga joto kati yao, funga kitambaa cha joto kwenye bomba la kutokea turbo, na bomba la petroli lisipite juu ya turbo hata kidogo, lizungushe mbali hata kama linakuwa refu. Gasketi ya manifoldi upande huo inashika intake na ekzosi kwa pamoja, ukikaza vibaya itavujisha upande mmoja, kaza kutoka katikati kwenda nje, washa injini ipate joto, izime ipoe, kaza tena.

Oili ya turbo pia usiifanyie haraka. Inapoingia ni bomba jembamba lenye presha, hilo halina shida. Inapotoka hakuna presha tena, inadondoka tu kwa uzito wake ikiwa na povu, kwa hiyo bomba la kurudi liwe pana, lishuke moja kwa moja bila kupinda kwenda juu, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Nimeona turbo nzima kabisa zinaitwa mbovu kwa sababu zinatoa moshi, kumbe mtu kaweka mpira mwembamba uliopinda kama shingo ya bata, oili inarudi nyuma inapita kwenye sili.

Mengine haraka haraka. Rejeta ioshwe au ibadilishwe, klachi iwe mpya, breki kabla ya nguvu. Gia boksi na difu ya 240Z kwa farasi 200 vitavumilia kama huachii klachi kwa kishindo.

Kuhusu farasi, ile 151 iliyokuwa imeandikwa kwa L24 ilipimwa kwa mtindo wa zamani, injini ikiwa imevuliwa mizigo yake, kwa hiyo uhalisia kwenye gari ni chini ya hapo. Ukiwa na psi 7, intakula na petroli iliyopangwa vizuri, utakaa karibu na hizo 200 ulizoomba, na gari yenyewe ina uzito wa tani moja na kidogo. Utapita malori mdogo wangu. Ila unachokipata hasa sio ile namba ya juu, ni msukumo wa kati, rpm 2,500 mpaka 4,500, pale ambapo sasa hivi unashusha gia na kuomba.

Sasa kaka. Mpe haki yake, 2JZ ni injini ya kuaminika sana, na kama lengo lenu lingekuwa farasi 400 ningekwambia mwache afanye, maana kuifikisha L24 huko ni injini nyingine kabisa kila kitu ndani yake. Lakini muulize mahesabu ya swapu, yaani kubadilisha injini, ameyafanya mpaka wapi, kwa sababu injini na gia boksi vilivyoko stoo ni mwanzo tu. Kuna maunti za kuchomelea, sampu inayogongana na chuma cha mbele, handaki la gia boksi, propela shafti ya kukatwa na kubalansiwa, wayaringi nzima, ekzosi, rejeta, geji za mzee kwenye dashibodi zikose cha kusoma. Na ikishakuwa na farasi zaidi ya 270 ile difu, breki na bodi ya 1972 navyo vinaingia kwenye orodha. Nimeona swapu nyingi nzuri zimekamilika, na nimeona nyingi zaidi zimekaa juu ya mawe bila injini yoyote kwa sababu ya zamani ilishauzwa na mpya haijaisha kufungwa.

Ya kwako tofauti yake ni kwamba inarudi nyuma. Ukishaijenga L24 upya inawaka na kabureta za mzee kwanza, bila turbo. Itembeze hivyo kilomita 1,000 ringi zikae, ubadilishe oili, upime kompresheni zote sita uone zinalingana. Gari inatembea, kaka anaendesha, hamna anayelala na chuma kwenye stendi. Baada ya hapo ndo nozeli na turbo, na westigeti, ile valvu inayozuia busti isizidi, ianze na psi 5, usiguse mpaka geji ya mchanganyiko imekuridhisha kwenye kila gia, ndo uende 7. Wakati wowote mkishindwana inafunguliwa inarudi ilivyokuwa.

Na usimwache kaka pembeni akiangalia. Hilo gari ni lenu wote na nadhani sehemu ya ubishi ni kwamba ye ana plani na wewe una plani hamna aliyemwita mwenzake kushika spana. Mwambie aje siku ya kutoa hedi. Akiona ukuta wa silinda kwa macho yake, kama ni laini au una michirizi, hapo ndo mtaamua pamoja kama ringi na pistoni zinatosha au bloku ipelekwe mashine ichongwe toka milimita 83 kwenda 83.5 au 84. Na mkikuta bloku ina ufa, basi nitakuwa wa kwanza kukwambia mtafute L28, inakaa kwenye maunti zilezile na gia boksi lilelile, turbo yako inaifaa, mbishane upya kutokea hapo.

Usiagize pistoni kabla hujapima hizo kuta, saizi ndo itaamua. Ukishaitoa ya tano nipigie picha tatu, ringi zikiwa bado kwenye mifereji yake, skati ya pistoni pande zote mbili, na ukuta wa silinda ukimulika tochi toka chini. Nitumie na kurasa za mwisho za daftari la mzee pale anapoandika oili.